Wajibu wa raia: toka mulambu wa wakubwa wetu hadi Katiba ya 2006



Tukiuliza mtu yeyote kwenye avenyu: « Haki zako ni zipi? », hatakosa la kusema: masomo ya watoto, hospitali, maji, umeme, kura, kutembea bila kusumbuliwa. Tukimuuliza tena: « Na wajibu wako kwa inchi ni upi? », mara nyingi atanyamaza kidogo, kisha atacheka: « Wajibu? Njo kulipa. »

Jibu hilo si la ujinga. Lina historia, na historia hiyo ni ndefu kuliko uhuru wetu. Katika maandiko haya tunataka kuonyesha jambo moja tu: neno wajibu liliharibikia njiani. Kwa wakubwa wetu lilikuwa na pande mbili, anayetoa na anayepokea wote wawili walifungwa nalo. Wakati wa Bulamatari likabaki na upande mmoja. Wakati wa chama kimoja likavikwa nguo za desturi, lakini upande ulikuwa ule ule mmoja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imelirudishia pande zake mbili, walau kwenye karatasi. Kulitoa kwenye karatasi ni kazi yetu sisi wote.

1. Mulambu na mipaka ya mufalme

Kwa Waluba na Walunda wa Katanga, kitu ambacho watu walimpelekea chifu kiliitwa mulambu. Ilikuwa sehemu ya mavuno, ya nyama ya mawindo, ya samaki, ya chumvi, na kule kwenye mawe ya shaba, sehemu ya shaba. Mtu wa leo akiangalia haraka atasema: hiyo ni kodi. Ni kweli, ilifanana na kodi. Lakini tuangalie vile ilivyotembea. Chakula kilichoingia kwenye boma la mufalme hakikubaki mule. Wageni walilishwa nacho, wapiganaji pia, na wakubwa wa vijiji waliokuja na mulambu hawakurudi mikono mitupu. Mufalme aliyepokea bila kurudisha kitu alijiharibia jina, na mufalme asiye na jina hakukaa muda mrefu.

Historia ya Waluba yenyewe inaanzia kwenye somo hilo. Kila mzee anajua habari ya Nkongolo Mwamba, mufalme mwekundu, mkali, aliyejaa ulevi, aliyekula mbele ya watu bila heshima na kuua bila sababu. Kisha akaja mwindaji Mbidi Kiluwe kutoka mashariki, akafundisha adabu nyingine ya utawala. Mtoto wake Kalala Ilunga ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuanzisha ukoo wa wafalme waliokuja nyuma. Wataalamu wanabishana kama watu hao waliishi kweli. Kwetu sisi hapa hilo si shida. Shida ni kuelewa kwa nini watu walichagua kuanza historia yao na mufalme mbaya aliyeangushwa. Walitaka kila mutawala asikie, toka siku ya kwanza, kwamba nguvu peke yake haitoshi.

Tena haikuachwa kwa hadithi tu. Kulikuwa na chama cha Mbudye, chama cha siri chenye ngazi, ambacho kilitunza kumbukumbu ya ufalme. Wakubwa wake walisoma historia kwenye lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na simbi zilizopangwa kwa maana. Mwenye kujua aligusa shanga moja baada ya nyingine na kusimulia: safari za mababu, majina ya wafalme, mahali patakatifu, na sheria za bulopwe, ndiyo utawala wenyewe. Kumbe mufalme alikuwa chini ya kumbukumbu ambayo yeye mwenyewe hakuishika peke yake. Tukitafuta kitu katika desturi zetu kinachokaribia katiba, tuanzie hapo.

Lakini tusidanganyane. Sisi watu wa vyama vya utamaduni tunapenda sana kupaka asali kila kitu cha zamani. Kulikuwa na watumwa. Kulikuwa na mulambu uliochukuliwa kwa mkuki. Karne ya 19, Msiri alipojenga ufalme wake wa Bayeke pale Bunkeya, alitaka pembe za ndovu, shaba, chumvi na watu. Wasanga, wenyeji wa pale, walichoka. Walikuwa wamekwisha kumuasi wakati askari wa msafara wa Stairs walipomuua Msiri tarehe 20 Desemba 1891. Mambo hayo yanatufundisha kwamba hata kabla ya mzungu, watu wetu walijua kutenganisha mulambu wa haki na unyang'anyi. Walitoa mulambu wa haki. Kwa unyang'anyi walikimbilia porini ao walichukua silaha.

2. Kodi ya Bulamatari

Bulamatari, mvunja mawe, lilikuwa kwanza jina ambalo watu wa Kongo ya Chini walimpa Stanley. Kisha likawa jina la serikali yenyewe. Ni ajabu: kwa watu wetu dola ya kisasa ilianza na jina la kuvunja. Toka 1885 mpaka 1908 inchi ilikuwa ya mtu mmoja, Leopold II, na mateso ya mpira na pembe katika mikoa mingi yanajulikana. Hatutayarudia yote.

Tunataka kusimama kwenye yale yaliyofuata, kwa sababu ndiyo yaliyoharibu neno letu kwa utaratibu, kwa sheria na mihuri. Mwaka wa 1908 Ubelgiji ulichukua inchi. Sheria yake kubwa ya tarehe 18 Oktoba 1908, iliyoitwa Charte coloniale, ilisema katika kifungu cha 2 kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kufanya kazi kwa faida ya makampuni ao ya watu binafsi. Maneno mazuri sana. Lakini tarehe 2 Mei 1910 ilitoka dekreti ya kodi ya wenyeji. Mwanaume mzima alipashwa kulipa kwa franga, na mwenye wanawake wengi aliongezewa.

Sasa franga itoke wapi? Haikuota katika shamba la mihogo. Ilikuwa kwa mzungu: kwenye njia ya reli, kwenye migodi ya Union Minière iliyoanzishwa 1906, kwenye nyumba za Elisabethville, mji uliozaliwa mwaka ule ule wa 1910. Mwaka huo tena iliundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kutafuta wafanyakazi, na mawakala wake walipita vijijini kuomba watu kwa machifu. Hivi ndivyo katazo la sheria lilivyozungukwa: hakuna aliyekulazimisha kwenda mugodini, ulilazimishwa tu kulipa kitu ambacho mugodini ndiko kilipatikana.

Zaidi ya kodi kulikuwa na kazi ya lazima. Toka 1917 watu walipewa amri ya kulima mimea iliyochaguliwa na serikali, pamba ikiwa ya kwanza kusumbua. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipanga siku 60 za kazi hizo kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka wa 1942, siku zikapanda mpaka 120. Asiyemaliza shamba lake alijua fimbo na gereza.

Na chifu je? Hapa ndipo jeraha lilipoingia ndani zaidi. Chifu akavishwa medali, akalipwa mshahara, akapewa kazi ya kuhesabu watu, kukusanya kodi na kutoa vijana. Aliyekataa aliondolewa, mwingine akawekwa. Watu waliendelea kumpigia magoti chifu wao, lakini walijua kwamba kinachotoka mkononi mwao hakitarudi tena. Mulambu uliingia kwenye boma na kutoka tena. Kodi iliingia kwenye sanduku na kupanda treni.

Mjini pia mambo yalikuwa vile vile. Hata jina la Jumamosi katika Kiswahili chetu linakumbusha maisha yale: tunasema Siku ya Posho, kwa sababu ilikuwa siku ya kugawa chakula cha juma kwa wafanyakazi. Mwenye kugawa posho aliamini kwamba amekwisha kutimiza wajibu wake wote. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kuomba nyongeza ya mshahara juu ya bei zilizopanda na vita, waliitwa kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Tarehe 9 askari walipiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Walikuwa wanalipa kodi. Walikuwa wanafanya kazi ya vita. Siku walipouliza upande wa pili wa wajibu, jibu lilikuwa bunduki.

Habari za namna hiyo hazikuandikwa na wazungu peke yao. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa hapa historia ya Elisabethville, kama walivyoijua wale waliofanya kazi ya uboyi katika nyumba za wazungu. Maandiko hayo yalichapishwa kwa wasomaji wa dunia na mtaalamu Johannes Fabian mwaka wa 1990. Ni ushuhuda kwamba watu waliolazimishwa kunyamaza walikuwa wanahesabu.

3. Salongo na baba wa familia

Tarehe 30 Juni 1960 ilipofika, wengi walifikiri kwamba uhuru ni mwisho wa kodi. Wasomi waliwacheka. Lakini kwa mtu ambaye kwa miaka hamsini hakuonyeshwa kodi isipokuwa kama alama ya utumwa, mawazo hayo yalikuwa na akili yake. Hakuna aliyepata wakati wa kumweleza kwamba sasa inchi ni yake na gharama zake ni zake. Sheria ya kwanza ya inchi, Loi fondamentale ya tarehe 19 Mei 1960, iliandikwa Ubelgiji. Kisha ikaja fujo, ikaja secession ya Katanga toka Julai 1960 mpaka Januari 1963, zikaja vita za 1964. Katiba ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti 1964, ambayo Wakongomani wenyewe waliipigia kura, haikufikisha hata mwaka mmoja na nusu. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua utawala.

Mobutu alielewa vizuri kwamba watu hawataki tena lugha ya Bulamatari. Akatafuta lugha ya nyumbani. Alijiita baba wa familia, akavaa kofia ya chui kama chifu, akasema juu ya kurudi kwa mababu. Chama chake, MPR, kilianzishwa 1967, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama toka kuzaliwa, apende asipende. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka wa 1974 yaliweka chama juu ya vyote. Raia na mwanachama wakawa mtu mmoja, na wajibu kwa inchi ukawa utii kwa mtu mmoja.

Katika miaka hiyo ndipo salongo ilipoenea, toka 1973. Wenye umri wanakumbuka: siku ya posho watu walitoka na jembe, panga na fagio, kukata majani, kufungua mitaro, kutengeneza barabara, kulima mashamba ya chama. Asiyetoka alitozwa faini. Wazo lenyewe halikuwa baya. Vijiji vyetu vyote vilijua kusaidiana kazi: kujenga nyumba ya mjane, kufungua njia ya mtoni, kulima shamba la mgonjwa. Lakini kazi ya kijiji ilikuwa na mambo matatu: watu walikubaliana siku, walijua ni ya nani, na mwenyewe alipika chakula ao pombe. Salongo ya chama ilichukua majembe na kuacha yale matatu. Watu wakaiona kama ile kazi ya lazima ya mkoloni iliyobadilishwa wimbo.

Huku watu wakifanya salongo, upande wa pili ulikuwa unaanguka. Mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ukawa kama hakuna, na wazazi wakaanza kumlipa wenyewe, prime kila mwezi, ili masomo yasife. Tutafakari jambo hilo vizuri. Watu ambao serikali iliwaita wavivu na wasiojua wajibu, ndio waliobeba masomo ya inchi nzima mabegani kwa miaka zaidi ya ishirini. Bamama waliouza mkaa na mboga walilipa walimu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Ilingojewa mpaka Septemba 2019 ndipo serikali ilipoanza kuyatekeleza kwa inchi yote. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Mkongomani hajui wajibu. Anaujua. Anachokosa ni mwenzake wa upande wa pili.

4. Yaliyoandikwa mwaka wa 2006

Katiba ya sasa ilipigiwa kura na raia tarehe 18 na 19 Desemba 2005, ikatangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006, na vifungu vyake kadhaa vikabadilishwa Januari 2011. Ina vifungu 229. Vifungu vya wajibu wa raia ni sita tu, toka 62 mpaka 67. Tuvipitie kwa maneno yetu.

Kifungu cha 62: hakuna anayehesabiwa kuwa hajui sheria, na kila mtu anapashwa kuheshimu Katiba na sheria za Jamhuri. Kifungu cha 63: kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda inchi na mipaka yake. Kifungu hicho kinataja tena wakubwa wa inchi, wa mikoa, wa mahali, na wa desturi: wote wanapashwa kulinda umoja wa Jamhuri. Kifungu cha 64: kila Mkongomani ana wajibu wa kumzuia mtu ao kikundi chochote kinachochukua utawala kwa nguvu ao kinachoutumia kwa kuvunja Katiba. Kifungu cha 65: kutimiza kwa uaminifu yale tunayodaiwa na dola, pamoja na kulipa kodi na takse. Kifungu cha 66: kumheshimu raia mwenzako na kumtendea bila ubaguzi, na kulinda umoja na mshikamano wa inchi. Kifungu cha 67: kulinda mali ya wote na kuheshimu mali ya mwengine.

Msomaji akivisoma peke yake anaweza kusema: tumerudi kule kule, raia lipa, raia tii. Ndiyo maana inapashwa kuvisoma pamoja na ndugu zake vilivyotawanyika mule ndani. Kifungu cha 65 kinasema lipa. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 62 kinasema tii. Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Kifungu cha 36 kinaita kazi haki na wajibu mtakatifu. Kifungu cha 16 kinakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi ya lazima. Kila wajibu umewekewa ukuta pembeni, na ukuta huo umejengwa na kumbukumbu: shamba la pamba, uwanja wa mpira wa 1941, faini ya salongo.

Kifungu cha 64 ndicho kinachotusimamisha zaidi, sisi tunaosoma desturi. Kinampa raia wa kawaida, mwenye duka, mwalimu, mkulima, kazi ya kulinda utawala wa sheria, hata mbele ya mwenye silaha, hata mbele ya mutawala aliyechaguliwa anayeikanyaga Katiba. Wasomi wengine wanaona ni maneno ya kigeni. Tunajibu: mwulizeni Kalala Ilunga.

Hatusemi hayo kama mchezo. Januari na Februari 2025 tuliona miji ya Goma na Bukavu ikichukuliwa na M23 kwa vita. Mtu asiye na silaha atafanya nini na kifungu cha 63 na cha 64 mbele ya bunduki? Katiba haimwombi ajiue. Lakini inamwomba asiite haki kile kilichokuja kwa nguvu, asimuuze jirani yake, asisahau. Wakubwa wetu waliotunza lukasa walijua kwamba kutosahau ni kazi kubwa.

5. Mambo matatu ya kila siku

Tuache mambo makubwa, tuje kwenye yale ambayo kila mmoja wetu anakutana nayo.

La kwanza ni kitansi. Sokoni, barabarani, kwenye ofisi, tunaombwa pesa karibu kila siku. Nyingine ni takse ya kweli, nyingine ni ya mfuko wa mtu. Tumezoea njia mbili: kukimbia zote, ao kulipa nusu bila karatasi ili tupite haraka. Njia zote mbili zinaua kifungu cha 65. Anayekimbia anainyima inchi. Anayelipa bila kitansi anamlisha anayeiibia inchi, na kesho bei itapanda. Kulipa na kuomba kitansi, kwa adabu, bila kelele, ndiyo kutoa mulambu na kuangalia unakokwenda.

La pili ni mali ya wote. Tunajua vile mambo yanavyokuwa: nyaya za umeme zinakatwa usiku na kuuzwa kwa kilo, vifuniko vya mitaro vinapotea, dawati la shule linageuka kuni. Tunasema: « Ni ya Leta. » Neno hili Leta tulilipata kutoka Kifaransa, na katika vinywa vyetu bado ni mtu wa mbali, tajiri, adui. Lakini waya ukikatwa, giza haliingii kwa Leta. Linaingia kwenye matemiti ya katye, pale mama anapojifungua. Kifungu cha 67 kingeeleweka upesi kama tungekisoma na neno « yetu » mahali pa « ya Leta ».

La tatu ndilo gumu kuliko yote kwa sisi wa Katanga: jirani. Toka 1992 mpaka 1993, katika miji yetu, watu walioitwa wa Kasai walifukuzwa majumbani na makazini. Wengi wao walizaliwa hapa, na baba zao waliletwa kwa kazi ya migodi na reli na yule yule mkoloni. Likasi na Kolwezi familia zilikaa kwenye stesheni kwa majuma na miezi zikingoja treni, na kuna watoto waliofia pale. Waliofukuza walisema wanalinda mali ya mababu. Mababu gani? Katika desturi zetu mgeni aliyelala, akala, akazika wafu wake katika kijiji, alikuwa mtu wa kijiji. Ndiyo maana kifungu cha 66 si pambo. Vyama vya utamaduni kama chetu vina wajibu wa pekee hapo, kwa sababu lugha ya ukabila huvaa nguo zetu kwanza: ngoma zetu, majina yetu, mababu wetu. Kifungu cha 207 kinampa chifu wa desturi nafasi katika Jamhuri, na kinampa hapo hapo wajibu wa kuendeleza umoja. Ikiwa chifu amefungwa na wajibu huo, chama kinachomsifu chifu kimefungwa pia.

6. Sheria kwa lugha gani?

Linabaki swali moja. Kifungu cha 62 kinasema hakuna anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Kwa lugha gani? Kifungu cha 1 kinataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na katika lugha hizo nne kwa muda wa siku 60. Kifungu cha 45 kinaupa utawala wajibu wa kufundisha Katiba. Kumbe hata wajibu wa kujua una pande mbili: mimi nijue, wewe unifikishie.

Kila mtu ajiulize ni sheria ngapi amezisoma kwa Kiswahili toka 2006. Mama wa soko anaadhibiwa kwa maandiko ya Kifaransa ambayo hata anayemwadhibu hakuyasoma vizuri. Toka Oktoba 2024, wakati Rais aliposema huko Kisangani juu ya kubadili Katiba, mabishano yalijaa kwenye radio, kwenye basi, kwenye malalo ya matanga. Wengine wanaitetea, wengine wanataka mpya. Si kazi ya kitabu hiki kuchagua kambi. Lakini tunashangaa kuona watu wakigombana mpaka kutukanana juu ya kitabu ambacho hawajakifungua. Anayetaka kuibadili aisome, na anayetaka kuilinda aisome pia. Vinginevyo tutabaki wafuasi wa mtu, kama wakati wa chama kimoja.

Tumalizie na ombi. Vifungu sita vya wajibu wa raia havizidi ukurasa mmoja. Katika mikutano ya chama, kabla ya ngoma, kabla ya kuhesabu michango ya matanga, tuvisome kwa Kiswahili, na pembeni yake tusome kifungu cha 16, cha 28 na cha 174. Wazee waeleze mulambu ulivyokuwa, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake. Walimu walio kati yetu watafsiri yale yasiyotafsiriwa, wasingoje Kinshasa. Vijana waulize maswali, hata yale yanayouma, na maswali yao yaandikwe kwenye daftari la mkutano ili yapate jibu siku nyingine. Nao bamama, waliolipa walimu kwa miaka yote ile, wapewe neno la kwanza, kwa sababu juu ya wajibu wao wana mengi ya kutufundisha.